Msamaha wa rais: nimeutumia, naupa nyota tatu

Ombi letu la kwanza lilirudi na mstari mmoja wa kalamu nyekundu. Tulikuwa tumejaza kurasa nne, mama akisimulia, mimi nikiandika, na kila ukurasa ulisema jambo lile lile: mdogo wangu hakuiba, alisingiziwa. Ofisa aliyelipokea alipiga mstari chini ya neno "hakuiba", akaandika pembeni: hili ni la rufaa, si la msamaha.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaelewa kwamba tulikuwa tumepanga foleni isiyo yetu.

Basi haya ni mapitio ya huduma hiyo, kwa faida ya yeyote mwenye ndugu gerezani anayewaza kuiomba. Nimeitumia mara moja, kwa niaba ya mtu mwingine, na kutoka barua ya kwanza mpaka siku lango lilipofunguka ilipita miaka mitatu kasoro. Naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili nilizozizuia nitazieleza, na mojawapo sidhani kama itapatikana hata waiboreshe vipi.

Cha kwanza kujua ni kwamba huduma hii haiulizi kama kesi iliamuliwa sawasawa. Hiyo ni kazi ya mahakama ya rufaa. Msamaha unaanzia pale majaji walipoweka kalamu chini: hatia ipo, adhabu imetajwa, sasa mwenye mamlaka aseme kama adhabu iendelee, ipunguzwe au iondolewe. Ukiandika "hana hatia" umejitoa mwenyewe kwenye foleni, kwa kuwa asiye na kosa hana cha kusamehewa.

Ajabu ni kwamba hata dola kubwa hulichanganya hili. Uingereza ilimnyonga Timothy Evans mwaka 1950 kwa kumuua bintiye mchanga. Miaka mitatu baadaye ikagundulika kwamba jirani yake wa ghorofa ya chini, John Christie, ambaye ndiye aliyetoa ushahidi dhidi yake, alikuwa amewaua wanawake kadhaa na kuwaficha katika nyumba hiyo hiyo. Mwaka 1966 Evans akapewa msamaha wa malkia. Wamemnyonga wao, halafu wanamsamehe yeye! Derek Bentley naye alinyongwa mwaka 1953 akiwa na miaka 19. Dada yake, Iris, alihangaika miongo minne. Mwaka 1993 akapewa nusu ya alichoomba: msamaha uliogusa adhabu ya kifo tu, hatia ikabaki palepale. Hatia yenyewe ilifutwa na mahakama mwaka 1998, Iris akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Mimi ni dada pia, na habari hiyo niliisoma usiku nikashindwa kulala.

Kuna iliyo ngeni zaidi ya hiyo. Sheria ya mwaka 2006 ya nchi hiyo hiyo iliwasamehe wanajeshi zaidi ya 300 waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe katika Vita Kuu ya Kwanza kwa makosa kama kutoroka na woga, kisha ikaeleza waziwazi kwamba msamaha huo haugusi hatia wala adhabu. Ukagusa nini sasa? Wajukuu, labda. Sisemi hilo ni dogo.

Turudi kwenye ombi letu. Kosa letu la pili lilikuwa kudhani "msamaha" ni kitu kimoja. Neno ni moja, vilivyomo ndani ni vingi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 133, inavitaja vinne: kusamehe kabisa, kwa masharti au bila masharti; kuahirisha adhabu kwa muda fulani au bila ukomo; kubadilisha adhabu iwe nyepesi zaidi; na kufuta adhabu yote au sehemu yake. Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania inafanana na hiyo, ila Kiswahili chake ni kitamu kuliko: adhabu iliyopunguzwa ukali inaitwa "adhabu tahafifu". Nje ya hivyo kuna msamaha wa jumla, unaotolewa kwa kundi zima, mara nyingi hata kabla ya mtu kufikishwa mahakamani. Rais Jimmy Carter wa Marekani aliutoa tarehe 21 Januari 1977, siku moja baada ya kuapishwa, kwa vijana waliokwepa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu redio hutangaza "rais awasamehe wafungwa" na ndugu wanaanza kufagia chumba. Mwaka 2009 Mwai Kibaki alibadilisha hukumu za kifo za wafungwa zaidi ya 4,000, na mwaka 2016 Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa wengine 2,747. Hakuna kati yao aliyetoka siku hiyo. Walihama tu kutoka kusubiri kitanzi, ambacho Kenya haijakitumia tangu mwaka 1987, wakaingia kifungo cha maisha. Kwa aliyelala kila usiku akisikiliza nyayo za askari kwenye ujia, hilo ni jambo kubwa kuliko tunavyoweza kulipima sisi tunaolala na funguo zetu mfukoni. Kwa aliyefagia chumba, ni maumivu.

Kwa hiyo mara ya pili tuliomba kilichopo: kufutiwa sehemu ya adhabu. Kosa lilikuwa wizi na kughushi saini, bila silaha wala damu. Kifungo kilikuwa miaka saba, naye alikuwa ameshakaa zaidi ya mitatu. Tuliambatanisha nakala ya hukumu, cheti cha useremala alichokipata humo ndani, na barua ya mkuu wa gereza kuhusu mwenendo wake. Ushauri wangu kwa atakayefuata: ukurasa mmoja na nusu unatosha. Usiwatukane majaji, usihubiri, na usiseme familia inateseka bila kusema inateseka vipi. Nilitaja wazi kwamba mama ana presha na kwamba mimi ndiye namuuguza.

Kikabaki kipengele kimoja, mwombaji akiri kosa na kuweka saini.

Mdogo wangu alikataa. Tulikuwa tumekaa chumba cha wageni, wavu katikati yetu, mama pembeni yangu na kifurushi cha nguo mapajani. Akasema, "Dada, nikisaini hapo nimekwisha. Nikitoka nitakuwa mwizi kwa maandishi yangu mwenyewe."

Nilikuja kujua baadaye kwamba hakuwa mtu wa kwanza kuwaza hivyo. George Burdick, mhariri wa gazeti huko New York, alikataa msamaha wa Rais Woodrow Wilson, na mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkubalia: msamaha haulazimishwi, kwa kuwa unabeba dalili ya hatia, na anayeupokea ni kama ameungama. Mfano wa karibu zaidi ni Birtukan Mideksa wa Ethiopia, mwanasiasa aliyewahi kuwa jaji. Alihukumiwa kifungo cha maisha, akatolewa kwa msamaha mwaka 2007 pamoja na wenzake wa upinzani. Mwaka uliofuata alizungumza hadharani kuhusu jinsi msamaha huo ulivyopatikana, serikali ikasema anakana kwamba aliuomba, ikaufuta, naye akarudishwa kifungoni mpaka Oktoba 2010. Kwa hiyo saini ile si urembo wa fomu. Inaweza kugeuka kamba.

Lakini siku ile, mbele ya wavu, sikuyajua hayo. Nilimuuliza tu, "Ulichukua, hukuchukua?"

Kimya. Askari alitazama saa yake.

"Nilichukua."

Miaka mitatu na nusu. Mawakili wawili. Kurasa nne za mama. Hatukuwahi kulisikia neno hilo mpaka fomu ilipomtaka aliandike. Mama hakusema kitu. Alikifungua kifurushi, akaanza kukunja upya nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari.

Nyota ya kwanza naitoa hapo. Mahakama ilimkuta na hatia, lakini haikumfanya aseme. Fomu ya msamaha ilimfanya.

Kuhusu huduma kwa mteja, sina mengi. Hakuna risiti, hakuna namba ya kufuatilia, hakuna muda uliotajwa wa kujibiwa. Ukipiga simu unaambiwa "liko kwenye utaratibu". Miezi kumi na tisa ilipita. Halafu ikaja sikukuu ya taifa, jina lake likatoka kwenye orodha ndefu: waliofungwa kwa makosa fulani na kutimiza sehemu fulani ya kifungo wamefutiwa robo ya adhabu. Ukijumlisha na siku za kawaida za mwenendo mwema, alikuwa amebakiza wiki sita. Hadi leo siwezi kuapa kwamba kuna mtu aliyeifungua barua yangu. Naelekea kuamini kwamba orodha ilimchukua kama wavu wa mvuvi unavyochukua dagaa, bila kuuliza jina.

Hivyo ndivyo inavyofanya kazi sehemu nyingi, na sitaibeza, kwa sababu ndiyo iliyomtoa. Tarehe 9 Desemba 2017, siku ya uhuru wa Tanganyika, John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Waliotoka moja kwa moja walikuwa 1,828, wengine walipunguziwa. Magereza yakijaa, orodha ni njia ya haraka ya kuyapa pumzi. Hilo linastahili nyota ya pili, hata kama hakuna anayesema hadharani kwamba mara nyingine huruma ni hesabu ya vitanda.

Nyota ya tatu naitoa kwa kazi moja ambayo msamaha unaiweza na sheria haiwezi: kuona. Sheria inasema miaka saba kwa kosa fulani, haioni anayeachwa nyumbani. Mwaka 1994 Nelson Mandela, akiwa na wiki chache tu madarakani, alifuta sehemu ya kifungo iliyobaki kwa akina mama wote waliokuwa gerezani tarehe 10 Mei mwaka huo wakiwa na watoto wa chini ya miaka 12, isipokuwa waliofungwa kwa makosa mazito yaliyotajwa. Baba mmoja mjane, John Hugo, aliyekuwa na mtoto wa umri huo, akaenda mahakamani: na mimi je? Kesi ilifika Mahakama ya Katiba, na mwaka 1997 akashindwa. Majaji wengi walikubali kwamba, katika maisha yalivyokuwa nchini humo, mzigo wa kulea ulikuwa mabegani mwa akina mama, na kwamba kuwatoa akina baba wote kungemaanisha kufungua milango kwa idadi kubwa mno ya wafungwa. Nimeisoma kesi hiyo mara mbili na bado moyo wangu umegawanyika. Namhurumia Hugo. Lakini hukumu hiyo iliweka jambo jingine zuri: kwamba hata huruma ya rais inaweza kuulizwa maswali mahakamani. Kwa miaka mingi wafalme na magavana walidhani haiwezi.

Sasa nyota zilizokosekana.

Ya kwanza ni rahisi kuieleza, wahenga walishaisema: mwamba ngoma huvutia kwake. Mmarekani wa kawaida aliyefungwa kwa kosa la serikali kuu anatakiwa na kanuni asubiri angalau miaka mitano baada ya kutoka ndipo aombe msamaha. Richard Nixon alijiuzulu tarehe 9 Agosti 1974, na tarehe 8 Septemba aliyekuwa makamu wake, Gerald Ford, akamsamehe makosa yote aliyotenda au ambayo huenda aliyatenda akiwa rais. Hata mashtaka yalikuwa hayajafunguliwa. Ford alieleza kwamba alitaka nchi ipone. Miaka miwili baadaye wapiga kura walimnyima urais. Tarehe 1 Desemba 2024 Joe Biden alimsamehe mwanawe Hunter, baada ya kusema zaidi ya mara moja kwamba hatafanya hivyo. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kuapishwa kwake, Donald Trump aliwasamehe watu wapatao 1,500 waliohusishwa na uvamizi wa bunge wa Januari 6, 2021, waliokwenda pale kwa ajili yake. Hao ni wa vyama viwili tofauti, na mkono ni ule ule. Afadhali mifumo inayomweka mtu katikati, kama kamati ya ushauri ya Kenya inayoongozwa na Mwanasheria Mkuu, ingawa kamati hushauri tu.

Nyota ya pili ndiyo ile niliyosema sidhani kama itapatikana.

Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili neno lenyewe linatudanganya. Msamaha, nyumbani, hutoka kwa aliyekosewa. Ukinivunjia chungu unaniomba mimi radhi, humwombi mjumbe. Lakini katika huduma hii anayesamehe si yule aliyeibiwa. Rais hakupoteza kitu. Katika tangazo lile la Desemba 2017 walikuwemo Nguza Viking, maarufu Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha, wanamuziki waliokuwa na kifungo cha maisha kwa kuwabaka watoto wa shule ya msingi. Mashabiki walishangilia barabarani, watetezi wa haki za watoto wakalalamika. Katika kelele zote hizo nilijiuliza kama kuna yeyote aliyewatafuta watoto wale, ambao kufikia hapo walikuwa watu wazima.

Afrika Kusini ilijaribu kulikaribia tatizo hili kupitia Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoshughulikia makosa ya enzi ya ubaguzi wa rangi: useme yote, hadharani, mbele ya familia, ndipo ufikiriwe msamaha. Walioomba walizidi 7,000, wengi wao wakakataliwa. Hata hapo familia zilisikiliza bila kuwa na kura. Familia ya Steve Biko, mpinga ubaguzi aliyefia mikononi mwa polisi, na nyingine zilipinga mpango huo mahakamani, na mwaka 1996 zikashindwa. Katiba ya Kenya inasema kamati ya msamaha inaweza kuzingatia maoni ya walioathirika. Neno ni "inaweza".

Sisi hatukuulizwa lolote kuhusu walioathirika, na naungama kwamba hata sisi hatukuwataja. Walikuwa wanawake ishirini na watatu, wafanya usafi, waliokuwa wakiweka akiba kwenye mfuko ambao mdogo wangu ndiye aliyekuwa akiandika vitabu vyake. Alighushi saini zao kwa miezi kumi na minne. Katika ukurasa mmoja na nusu niliouonea fahari hivyo, hawamo.

Kwa kumalizia upande wa bidhaa: usitarajie rekodi kufutika. Kufutiwa robo ya adhabu hakufuti hukumu. Kila fomu ya kazi ina swali lile, umewahi kupatikana na hatia, na kila mara anaweka alama kwenye "ndiyo" halafu anasubiri simu ambayo haipigwi. Anatengeneza vitanda na makabati uani. Hata katika nchi zenye msamaha kamili, mara nyingi karatasi ya hukumu hubaki faili moja na karatasi ya msamaha, zikitazamana.

Mwezi wa pili baada ya kutoka aliniomba nimsindikize kwa mama aliyekuwa mwenyekiti wa mfuko ule. Tulimkuta mlangoni. Alimtambua kabla hatujasalimia, akatuachia tusimame muda mrefu. Mdogo wangu alipiga goti, akaanza maneno aliyokuwa amejiandalia. Mama yule akamkatiza.

"Rais amekusamehe?"

"Ndiyo, mama. Amenipunguzia."

"Yeye ulimwibia nini?"

Akaingia ndani. Nilidhani ndiyo tumefukuzwa. Akarudi na daftari la shule, jalada limeng'oka, akakaa, akaanza kumsomea majina, moja moja, na kila jina na kiasi chake. Wawili kati yao walikuwa wameshafariki. Alipofika mwisho akamgeuzia daftari na kumpa kalamu. "Kila mwisho wa mwezi uje uandike ulicholeta. Kwa mwandiko wako. Saini yako, si yangu."

Ameshaandika mara tisa. Mwezi uliopita nilimuuliza kama mama yule amewahi kumwambia kwamba amemsamehe.

"Bado," akasema. "Ila siku hizi ananikaribisha kiti."